Joto la Nje, Joto la Ndani: Ulishaji wa Nguruwe Wadogo Baada ya Kuachishwa Ziwa

Katika nyanda za chini za Tanzania, kuanzia Kibaha na Bagamoyo hadi Bonde la Kilombero, na kule Kyela kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, ufugaji wa nguruwe umekua kwa kufuata soko la nyama ambayo mitaani huitwa kitimoto. Lakini wengi wa nguruwe hao wana damu ya Large White na Landrace, ambao asili yao ni Ulaya ya kaskazini, na hali ya hewa ya pwani, ambayo mwezi wa Februari hufikia nyuzi 32 za Selsiasi mchana huku hewa ikiwa imejaa unyevu, ni mzigo ambao miili yao haikuandaliwa kuubeba. Kipindi ambacho makosa ya ulishaji humgharimu mfugaji zaidi katika mazingira hayo ni wiki nne hadi sita zinazofuata baada ya kuachishwa ziwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika kipindi hicho chakula chenyewe ni sehemu ya tatizo la joto, na kwamba uchaguzi wa chakula, saa ya kukitoa na maji yanayoandamana nacho humpoza mnyama, au humuumiza, kwa kiasi kinachokaribia kile cha kivuli na upepo.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza kufahamu jinsi nguruwe anavyojipoza. Tezi zake za jasho hazifanyi kazi ya maana ya kupunguza joto la mwili, hivyo hutegemea kuhema kwa haraka, kulala juu ya sakafu yenye ubaridi, na kujilowesha kwa maji au kwa tope, ambalo hulitafuta kwa sababu ya joto na si kwa kupenda uchafu kama wengi wanavyomdhania. Wakati huohuo mwili wake huzalisha joto kutoka ndani, kwa kuwa kutafuna, kumeng'enya na kugeuza virutubisho kuwa nyama ni kazi, na kazi hiyo hutoa joto ambalo katika lishe ya mifugo linaweza kuitwa joto la mmeng'enyo. Kila mlo, kwa maana hiyo, ni kuni zinazoongezwa jikoni, na vyakula havitoi joto kwa kiasi kimoja: nyuzinyuzi, yaani ile sehemu ngumu ya mimea ambayo huchachushwa na vijidudu katika utumbo mpana, hutoa joto jingi, protini iliyozidi mahitaji hutoa joto jingi pia, kwa sababu naitrojeni yake lazima iondolewe, igeuzwe kuwa urea katika ini na kutolewa kwa mkojo, wanga hutoa joto la wastani, na mafuta hutoa kidogo kuliko vyote. Nguruwe anayezidiwa na joto hupunguza kula ili kupunguza moto huo wa ndani. Mfugaji anayeona kihori hakijaguswa saa nane mchana hana budi kutambua kwamba huko ni kujikinga kwa mnyama, na kwamba kumlazimisha kwa kumrundikia chakula hakutasaidia.

Upande wa pili wa tatizo uko tumboni. Maziwa ya nguruwe yana mafuta ya asilimia 7 hadi 8 na sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, ya karibu asilimia 5, na mtoto huyapata yakiwa na joto la mwili, takriban kila baada ya saa moja, usiku na mchana. Siku anayotenganishwa na mama yake hukosa chakula hicho, hukosa ratiba hiyo, na hukosa pia kingamwili zilizokuwa zikiingia pamoja na maziwa na kuulinda ukuta wa utumbo. Vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja chakula, ambavyo mwili wake umezoea kutengeneza ni vile vya kuvunja laktosi na mafuta ya maziwa. Vile vya kuvunja wanga wa mahindi na protini ya soya huongezeka polepole, na huongezeka zaidi pale tu mnyama anapokula chakula chenyewe. Asidi ya tumbo lake bado ni hafifu, na kabla ya hapo upungufu huo ulifidiwa na bakteria wema waliokuwa wakigeuza laktosi kuwa asidi ya laktiki. Iwapo atakaa siku moja au mbili bila kula, kama inavyotokea mara nyingi, vinyweleo vya utumbo mwembamba, ambavyo ndivyo vinavyofyonza virutubisho, hufupika. Kisha njaa ikimshinda na kumfanya ale kwa pupa, chakula kisichomeng'enywa huteremka hadi chini na kuwa karamu ya bakteria aina ya *Escherichia coli*. Matokeo yake ni kuhara kwa maji, na katika nchi yenye joto kuhara huko huua kwa haraka kwa sababu mnyama hupoteza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja, yaani kwa kinyesi na kwa kuhema.

Hapa pana jambo ambalo wafugaji wa maeneo ya joto hulisahau kwa urahisi. Katika wiki ya kwanza baada ya kuachishwa, nguruwe mdogo haogopi joto kama mama yake anavyoliogopa; anahitaji nyuzi 28 hivi ili akae vizuri, kwa sababu hali chochote cha kutosha na hivyo hana joto la ndani la kumsaidia. Wilayani Kibaha hali hiyo hupatikana bila gharama, lakini Dodoma, ambako mwezi wa Juni mchana huwa na jua kali na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 15, mtoto huyohuyo hutetemeka alfajiri na kuhema alasiri, na usipokuwepo mkeka wa nyasi kavu au pumba za mpunga wa kulalia, baridi ya usiku huanzisha kuhara ambako mchana hulaumiwa chakula. Kadiri anavyokula zaidi ndivyo uvumilivu wake wa joto unavyopungua, hata afikishapo kilo 20 hadi 30 huridhika na nyuzi 20 hadi 24, kiwango ambacho pwani hakipatikani mchana katika miezi ya kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa hiyo ulishaji hauwezi kuwa wa namna moja kwa kipindi chote: wiki ya kwanza lengo ni kumshawishi ale, na kuanzia wiki ya tatu lengo ni kumlisha bila kumchoma. Namna wanavyolala itamweleza mfugaji wamefika wapi, kwa kuwa wenye baridi hujikusanya na kulaliana, walioridhika hulala ubavu wakigusana kidogo, na waliozidiwa na joto hutawanyika, hujinyoosha, na hata kuhamia kwenye kona ya kinyesi kwa sababu ndiko kuliko na unyevu.

Maji hutangulia chakula, na ni jambo la kusikitisha kwamba katika mabanda mengi ndicho kitu kinachofikiriwa mwisho. Nguruwe aliyeachishwa hunywa maji yenye uzito wa mara mbili hadi tatu ya chakula anachokula, na zaidi ya hapo siku za joto kali. Asipoyapata, hali, hata kihori kikiwa na chakula bora kuliko vyote. Watoto waliozoea ziwa hawajui kinyweo cha chuchu cha chuma, hivyo kwa siku chache za mwanzo huwekewa pia bakuli pana na zito lisilopinduka, lenye kina kifupi, nacho kinyweo huachwa kikidondoka taratibu ili wakigundue kwa sauti na kwa macho. Mtiririko unaofaa ni kati ya nusu lita na lita moja kwa dakika, kwa sababu maji yanayotoka kwa kasi humtisha na yanayotoka kwa uchache humchosha. Lakini kiasi pekee hakitoshi. Tangi jeusi lililowekwa juu ya paa na bomba la plastiki linalopita juani hupeleka bandani maji ya moto ambayo mnyama huyakataa wakati uleule anapoyahitaji zaidi; dawa yake ni kulitia tangi kivuli, kulifukia bomba ardhini, na kumwaga maji yaliyolala bombani kabla ya mlo wa jioni. Kwa mfugaji mdogo, hakuna gharama ndogo kuliko hiyo yenye faida inayolingana nayo.

Kuhusu chakula chenyewe, imani iliyoenea ni kwamba nguruwe mdogo anahitaji protini nyingi iwezekanavyo, na hivyo dagaa huongezwa kila anapoonekana kudumaa. Imani hiyo ina ukweli nusu. Anachohitaji mnyama ni asidi amino, yaani vijenzi ambavyo protini imeundwa kwavyo, na kati ya hivyo kinachopungua kwanza katika mchanganyiko wa mahindi na mashudu ni lisini. Mchanganyiko wenye protini ghafi ya asilimia 22 au zaidi huacha ziada isiyotumika, ambayo sehemu yake huchacha utumboni na kuwalisha bakteria wa kuhara, na sehemu nyingine hugeuzwa urea na kutoa joto pamoja na kudai maji ya ziada kwa ajili ya mkojo. Mchanganyiko wenye asilimia 18 hadi 19, ukiongezewa lisini ya dukani na kuwa na protini ya asili zaidi ya moja, hutosheleza ukuaji kwa madhara madogo zaidi, na huo ndio mwelekeo unaofaa maeneo ya joto. Kosa la upande wa pili, ambalo huenda ni la kawaida zaidi kwa sababu ya umaskini wa fedha taslimu, ni kumlisha mtoto pumba za mahindi peke yake, au machicha ya pombe, au mashudu ya alizeti yenye maganda mengi: nyuzinyuzi hujaza tumbo lake dogo kabla hajapata nishati, kisha humwongezea joto la uchachushaji. Nguruwe mama asiyenyonyesha huweza kuishi kwa vyakula hivyo pamoja na majani ya viazi vitamu. Aliyeachishwa juzi hawezi, na wingi wa chakula chepesi hauwezi kufidia udogo wa tumbo.

Mchanganyiko unaoweza kutengenezwa kwa vyakula vya Tanzania unathibitisha kwamba jambo hili haliko mbali na uwezo wa mfugaji wa kawaida. Katika kilo 100, mahindi ya kusaga yaliyo mazima, yasiyokobolewa, huchukua kilo 63, soya iliyokaangwa na kusagwa pamoja na mafuta yake huchukua kilo 25, dagaa safi kilo 8, na kilo 4 zinazobaki ni chokaa, unga wa mifupa, premiksi ya vitamini na madini, lisini, na chumvi kidogo; hesabu hiyo hutoa protini ya karibu asilimia 19. Umuhimu wa soya nzima hauko katika protini yake tu, kwa kuwa mbegu hiyo ina mafuta ya karibu asilimia 18, na mafuta hayo, kama ilivyoelezwa, ndiyo nishati isiyotoa joto jingi. Mfugaji anayetumia mashudu ya soya yaliyokamuliwa huweza kuongeza kilo 2 au 3 za mafuta ya alizeti na kupunguza kiasi hichohicho cha mahindi. Soya mbichi, hata hivyo, isitumike kabisa, kwa sababu ina vizuizi vya tripsini, yaani kemikali zinazokizuia kimeng'enya cha tripsini kuvunja protini, na vizuizi hivyo huharibiwa na moto. Kukaanga hufanywa kwa moto wa wastani huku mbegu zikigeuzwa mfululizo hadi zibadilike rangi na kuwa ya kahawia hafifu na harufu ya ubichi kutoweka. Zikiungua, lisini huungua nazo. Dagaa nao wachunguzwe, kwa maana waliokaushwa mchangani hubeba mchanga, na walioongezewa chumvi huleta hatari kubwa pale maji yanapopungua bandani, ambapo chumvi huathiri ubongo wa nguruwe na kumfanya ayumbe, aanguke na kutetemeka.

Kuhusu vyakula vingine, mashudu ya pamba yana sumu iitwayo gosipoli na hayafai kwa nguruwe wa umri huu. Muhogo hufaa kama sehemu ya nishati kwa sababu una nyuzinyuzi chache, mradi umemenywa, umekatwa vipande na kukaushwa vizuri juani ili sianidi itoke, na mradi mfugaji akumbuke kwamba protini yake ni kidogo mno kuliko ya mahindi. Mashudu ya nazi, ambayo pwani hupatikana kwa urahisi, yana nyuzinyuzi nyingi na lisini chache, na hivyo yawekwe kwa ajili ya nguruwe wakubwa.

Joto haliathiri mnyama tu, huathiri pia stoo. Mafuta ya dagaa, ya soya iliyosagwa na ya pumba za mpunga huchacha na kuwa na harufu kali ndani ya wiki chache, vitamini hupungua nguvu, na hivyo ni busara kuchanganya kinachotosha wiki mbili kuliko kujaza magunia ya miezi mitatu. Hatari kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya *Aspergillus* juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu unaozidi asilimia 13 hivi. Sumu hiyo iliwaua watu nchini Kenya mwaka 2004 na katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016. Nguruwe ni miongoni mwa mifugo inayodhurika nayo kwa urahisi, na mdogo huumia kuliko mkubwa, kwa kuwa hushambulia ini, huzuia ukuaji na kudhoofisha kinga. Kuchemsha hakuiondoi. Hata hivyo desturi ya kupeleka bandani mahindi yaliyokataliwa jikoni kwa sababu ya ukungu bado ipo, na ni desturi inayostahili kukomeshwa bila kigugumizi.

Makombo ya hoteli na ya majumbani yana hatari nyingine, yaani homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, usio na tiba, na ambao huweza kumaliza banda zima ndani ya siku chache. Virusi vyake hukaa katika mabaki ya nyama ya nguruwe, na makombo ambayo hayakuchemshwa kwa angalau nusu saa yasiingie bandani kamwe. Kwa waliotoka kuachishwa ziwa, hata yaliyochemshwa hayafai, kwa kuwa muundo wake hubadilika kila siku na utumbo wao hauwezi kufuata mabadiliko hayo.

Utoaji wa chakula huanza kabla ya siku yenyewe ya kuachisha. Kuanzia siku ya saba hadi ya kumi ya uhai, watoto huwekewa chakula kidogo mahali ambapo mama hawezi kufika, ili vimeng'enya vyao vianze kujifunza kazi mpya. Siku ya kuachisha huondolewa mama, na watoto hubaki katika banda walilolizoea kwa wiki moja au zaidi, wakila chakula kilekile walichokuwa wakikionja. Kubadili chakula, banda na wenzao kwa siku moja ni kuwatwisha mizigo mitatu pasipo sababu. Katika wiki ya kwanza hupewa kidogokidogo mara tano au sita, jumla ikiwa gramu 250 hivi kwa kila mmoja kwa siku kwa walioachishwa wakiwa na kilo 8 hadi 10, na kinachobaki huondolewa baada ya saa moja, kwa kuwa uji au chakula kilicholoweshwa huchacha haraka katika joto la pwani na kuvuta nzi. Baadaye, wanapokula nusu kilo na kuelekea kilo moja kwa siku, ratiba hufuata jua: sehemu kubwa hutolewa kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi, nyingine saa 12 jioni, na kama kuna mwanga bandani, kiasi kingine saa 3 usiku, huku saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni zikiachwa kwa maji na mapumziko. Joto la mmeng'enyo hufuata mlo kwa saa kadhaa, kwa hiyo mlo wa saa 4 asubuhi humfikia mnyama na joto lake wakati wa adhuhuri, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Pamoja na ratiba hiyo, banda lenyewe lisisahauliwe: paa la makuti au la nyasi hupitisha joto kidogo kuliko bati lililo chini, na pwani upepo unapaswa kupita usawa wa mnyama, kwa sababu pale hewa inapojaa unyevu maji yaliyonyunyiziwa mwilini hayakauki upesi bila upepo. Hata hivyo, wiki ya kwanza watoto wasiloweshwe, kwa kuwa bado wanahitaji joto.

Kuhusu kuhara, desturi ya kuchanganya tetrasaikilini katika chakula cha kila siku kama kinga haipaswi kutetewa tena. Umoja wa Ulaya uliacha kutumia viuavijasumu kama vichocheo vya ukuaji mwaka 2006, na mwezi Juni 2022 ukaacha pia dozi kubwa za oksidi ya zinki zilizokuwa zikizuia kuhara baada ya kuachishwa, na wafugaji wa huko walilazimika kurudi katika mambo yaleyale yaliyoelezwa hapa, yaani protini ya wastani, usafi, maji na umri mkubwa wa kuachisha. Anayehara hupewa kwanza maji safi, lita moja ikiwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, chakula hupunguzwa, na daktari wa mifugo huitwa mapema kabla macho hayajadidimia.

Umri huo wa kuachisha ndio uamuzi ambao mengine yote huutegemea. Vitabu vya ufugaji wa kibiashara husifu siku 28 kwa sababu mama hurudi kwenye joto la kupandwa mapema na huzaa mara nyingi zaidi kwa mwaka, na ni kweli kwamba pwani mama anayenyonyesha katika joto hula kidogo na kukonda, jambo linaloongeza kishawishi cha kumpumzisha haraka. Lakini siku 28 hufaa pale penye unga wa maziwa, chakula cha kiwandani kilichopikwa na banda lenye joto linalodhibitiwa. Mfugaji wa Kibaha, Ifakara au Kyela ambaye mtaji wake ni mahindi, soya na dagaa anashauriwa asiachishe kabla ya wiki ya sita, na kama watoto hawajafikisha kilo 8 asubiri hadi ya nane, huku akimlisha mama vizuri usiku na alfajiri ili asikonde, na akihakikisha kwamba siku watoto wanapotengwa soya imekwisha kukaangwa, tangi la maji liko kivulini, na chakula kilichomo kihorini ni kile walichokizoea tangu wakiwa wananyonya.